Maua ya Macho, Maua ya Pua

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Oktoba, mimi na mwenzangu wa nyumbani hupanda treni ya asubuhi pale Miritini tukaenda zetu Nairobi. Hatuendi kwa biashara wala kwa arusi. Twenda kwa daktari wa macho, kwani mwenzangu ana maradhi yale ambayo watu huyaita presha ya macho. Huko Mombasa ana daktari wake wa kumwangalia mara kwa mara, lakini mara moja kwa mwaka hutakiwa aonwe na bingwa wa Nairobi. Basi tumejizoesha, safari hiyo ya taabu, tuitie na kipande cha starehe. Twenda bustanini kutazama maua ya mjakaranda.

Mwaka huu ulikuwa wa nne. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimlilie mbele za watu. Sharti la kwanza ni jepesi.

Bustani ninayoisema ni ile iitwayo Arboretum, iliyo upande wa Ikulu. Ni yapata ekari 75 za miti, na ardhi yake yateremka polepole hadi kwenye Mto Kirichwa Kubwa. Watu wa Nairobi huenda huko kukimbia mbio, kupiga picha za arusi, kusoma vitabu na kuomba. Naam, kuomba. Ndugu zetu Wakristo utawaona kila mmoja amechagua mti wake, anamwomba Mola kwa sauti ya juu huku akienda mbele na kurudi nyuma. Kima walio juu ya matawi hawana habari naye. Macho yao yako kwenye mfuko wa ndizi alioutua chini. Mtu wa Mombasa aliyezoea kwamba bustani ni mahali pa kuuziwa mihogo na maji ya madafu, hushangaa kidogo, kisha hupazoea.

Asili ya bustani hii yatuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya tunavyodhani. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Magari yale ya moshi yalikula kuni kama tanuri la chokaa, na misitu iliyokuwa karibu na njia ikaanza kupungua. Ndipo mwaka wa 1907 afisa mmoja wa misitu, Batiscombe, alipotengewa mahali pa kujaribia miti ya nchi za nje, apate kujua ni ipi itakayokua upesi katika ardhi ya hapa. Alichokuwa akitafuta ni kuni na mbao. Wakapanda mikaratusi kutoka Australia, misonobari kutoka huku na huku, na miti mingine chungu nzima, hata leo pana aina zaidi ya 350, ya kigeni na ya kienyeji. Treni zikaacha kuni, zikaenda kwa mafuta, na ile miti ya majaribio ikaachiwa kuzeeka kwa amani. Leo bustani iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na mtu hulipa kiingilio kidogo mlangoni.

Sasa tuje kwa mjakaranda wenyewe. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia. Uliletwa Nairobi wakati wa ukoloni ukaipenda hewa ya pale, na sasa barabara nyingi za mji zimepangwa mijakaranda. Tabia yake ni hii: baada ya baridi na ukavu wa katikati ya mwaka, hupukutisha majani yake, nao ukabaki kama mzee aliyevua kilemba. Kisha, kabla mvua ya vuli haijakaza, matawi yale matupu hutoa maua. Hutoa maua kwa israfu, nasema hivyo kwa heshima yote. Kila ua ni mfano wa tarumbeta ndogo, urefu wake kama kidole cha mwisho cha mkono, na huning'inia makole kwa makole. Linapoanguka halianguki limenyauka. Huanguka lingali bichi, likakaa chini na rangi yake. Kwa hivyo upande wa juu ni maua, na upande wa chini ni maua, na wewe u katikati. Rangi yake nitaieleza mbele, kwa kuwa ndiyo iliyonitia taabuni.

Mwaka ule wa kwanza mwenzangu alikuwa akiona karibu kila kitu. Tulikaa kwenye benchi, yeye akitazama, mimi nikivuta pumzi kwa pua. Nikavuta tena. Sikupata kitu. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambavyo ua huwahi puani kabla halijafika machoni, na mti mzima uliojaa maua namna ile usio na harufu ulinikera kama karamu isiyo na chumvi. Nikatoa kalamu, nikaandika ubeti ambao sijauchapisha mpaka leo:

Mtini nimesimama, maua yamenizinga,
Ni mazuri kutazama, rangi zao za kuringa,
Pua yangu yalalama, si asumini ya Vanga,
Ni mgeni wa heshima, aliyekosa zawadi.

Nikamsomea. Akacheka, akasema vina vimekaa. Nami nikaridhika na nafsi yangu, kama tunavyoridhika sisi watunzi kwa vitu vidogo.

Wasomaji wangu wa pwani watanielewa. Kwetu ua si la kuwekwa kwenye chungu likatazamwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichuma asumini karibu na magharibi, zikiwa bado vichuba vilivyofumba, akazitunga kwenye uzi huku akizungumza na jirani kupitia dirishani. Ikifika isha zimeshafunguka, na chumba kizima kinanukia. Kikuba chake kilikuwa na rehani, asumini, vipande vya mkadi, na pakipatikana, kilua. Hakikuwa cha kutazamwa na wapita njia. Kilikuwa ndani ya buibui. Kilikuwa cha nyumbani, cha usiku, taa ikiwa imeshushwa utambi. Rehani nasi tuliijua kwanza chuoni, kabla ya kuijua kwenye kikuba, kwani imetajwa katika Sura ya Rahmani, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba apewaye rehani asiikatae, maana ni nyepesi kuchukua na harufu yake ni njema.

Wataalamu wa mimea wana maelezo yao, nayo yanapendeza. Ua lifungukalo usiku humwita nondo, na gizani rangi haina kazi. Kwa hivyo ua kama hilo huwa jeupe, na nguvu zake zote hutiwa kwenye harufu. Ua la mchana liwaitalo nyuki, nao nyuki huziona vizuri sana rangi za samawati na zambarau, hutia nguvu zake kwenye rangi. Kwa hivyo mjakaranda haukukosa adabu. Ulikuwa ukizungumza na nyuki, mimi nikasikiliza nisiyehusika.

Kuna na jambo jingine lililonifanya nione haya kwa ubeti wangu. Nilimwita mjakaranda mgeni. Je, asumini yenyewe si mgeni? Asili yake ni pande za Bara Hindi. Mlangilangi umetoka Asia ya mbali. Hata mkrismasi, uwakao mwekundu mitaani mwetu Disemba tukaupa jina la sikukuu isiyo yetu, kwao ni Madagascar. Katika kikuba cha mama yangu, mwenyeji aliyezaliwa hapa hapa alikuwa kilua, na kilua ndicho vijana wetu wasichokijua. Mti wake, mkilua, ni jamaa wa mstafeli na mtopetope na mlangilangi, na humea wenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka wa 1970 Mwingereza mmoja, Bernard Verdcourt, alipouandika katika daftari la sayansi, aliona kwamba hauingii katika jinsi yoyote iliyokwisha kujulikana. Ikambidi aupe jina jipya, naye hakwenda mbali: akauita kwa jina wanaloliita Waswahili. Ulimwenguni kote, kwenye vitabu vya mimea, mti huo leo ni Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye harufu nzuri. Waliompa jina hilo ni mama zetu, nasi tumelisahau kabla wazungu hawajalisahau.

Nyumba zetu zimekuwa ghorofa. Asumini haipandwi kwenye baraza ya futi tatu iliyojaa kamba za nguo. Na bustani ya umma huku pwani iliyopandwa mikilua, milangilangi, mikadi na asumini kwa safu, mtu akaenda jioni na watoto wake akawaonyesha hiki ni hiki na kile ni kile, mimi sijaiona. Arboretum ilianzishwa na watu waliotaka kuni, ikawa bustani. Sisi tuliokuwa na haja ya maua yenyewe, tunanunua asumini za kutungwa barabarani, na siku muuzaji akikosa, hatuna.

Nirudi kwenye safari ya mwaka huu.

Miaka iliyopita tulikuwa tukienda kwa daktari kwanza, na bustanini siku ya pili. Safari hii yeye mwenyewe alitaka tugeuze. Pale kwa daktari hutiwa dawa ya kupanua mboni, na siku hiyo yote huona ukungu. "Nataka niyaone kabla ya dawa," akasema. Sikumuuliza zaidi.

Lazima niwaeleze maradhi haya, kwa kuwa huenda yamo nyumbani mwako na hujui. Maji yaliyomo ndani ya jicho yakizidi nguvu huusonga mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo, nao ukafa kidogo kidogo. Kwa kawaida hakuumi. Kuona huanza kupotea pembeni, na kati kukabaki kuzuri, kwa hivyo mtu husoma gazeti lake vizuri lakini hugonga bega kwenye mlango. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone huishusha presha na kulinda kilichobaki. Mwenye mzazi au ndugu aliye na maradhi haya na aende akapimwe, hata kama haoni dalili. Mwenzangu hakupimwa mpaka alipoanza kumwaga chai nje ya kikombe.

Sasa yeye aona kama mtu achunguliaye bahari kwa tundu la mzinga pale Ngomeni. Jahazi likipita mbele ya tundu, aliona lote na kamba zake. Likisogea kidogo, hakuna jahazi.

Tuliingia bustanini saa tatu za asubuhi. Njia ina mizizi iliyoinuka, nikamshika mkono. Mombasa, kwa umri wetu, tusingetembea barabarani tumeshikana mikono, watu wangesema tumeingiwa na wazimu. Kijana mmoja aliyekuwa akimpiga picha mchumba wake akatutazama, akasema, "Wazee, hongera!" Mwenzangu akajibu, "Ahsante mwanangu, mwenzako asipokushika utaanguka." Kijana akacheka. Hakujua kwamba hayo hayakuwa mafumbo.

Tulipofika chini ya mti wetu (tuna mti wetu, karibu na benchi lililovunjika ubao mmoja) akainua uso. Nikamwona anageuza kichwa huku na huku, taratibu, kama atafutaye stesheni kwenye redio ya zamani. Ule mti alikuwa akiuona vipande vipande: kole hili, kisha kole lile, kisha anga. Mti mzima kwa pamoja, ule mwavuli wenyewe, haukuingia tena.

"Hebu nambia," akasema, "rangi yake i vipi? Hapa naona, lakini sijui kama ndiyo ya mti wote."

"Zambarau," nikasema.

"Zambarau gani? Mbichi au mbivu?"

Msomaji, mimi nimekula mkate wa kalamu zaidi ya miaka thelathini. Nimesifia bahari, mwezi na mabibi arusi wasiohesabika, wengine sikuwaona hata sura. Niliinua macho nikautazama mti kwa mara ya kwanza. Nasema kwa mara ya kwanza, kwani miaka mitatu nilikuwa nikitazama ubeti wangu. Haikuwa zambarau mbichi, hiyo ni kijani. Haikuwa mbivu, hiyo ni karibu na nyeusi. Wala haikuwa samawati, ingawa kwa mbali ilielekea huko. Nikasema neno, nikaliondoa. Nikasema jingine. Yeye akangoja, uso juu.

"Umeona mtoto alipotemea zambarau kwenye kanzu nyeupe ya Idi?" nikamwambia mwisho. "Mama yake akaifua. Haikutoka. Akaifua mara ya pili. Ndiyo rangi iliyobaki."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sasa nimeiona," na nilijua kwamba ameiona, kwa sababu kanzu hiyo ilikuwa ya mwanetu mkubwa na aliyeifua ni yeye.

Tukakaa. Akasema, si kwa huzuni, kama mtu ahesabuye matumizi ya mwezi, "Mwakani sijui nitakuwa naona nini."

Mimi nimesoma. Naijua ile hadithi ya mja ambaye Mwenyezi Mungu amemwondolea wapenzi wake wawili, yaani macho yake, akasubiri, na malipo aliyoahidiwa ni Pepo. Nimewasomea watu wengine hadithi hiyo, nimeketi kwenye mikeka yao nikaieleza kwa ufasaha, nikanywa kahawa yao nikaondoka. Pale chini ya mti ilinifika ulimini ikasimama. Si kwamba niliitilia shaka, Mungu aniepushe. Niliona tu kwamba aliyestahili kuisema ni yeye, na mimi ninayeona mti mzima sina haki ya kumwambia asubiri.

Yeye ndiye aliyeuvunja ukimya. Alivua viatu.

"Usivue," nikamwambia, "nyuki huwa ndani ya maua yaliyoanguka."

"Nao wana haki," akasema, akaondoka kwenye benchi akaanza kukanyaga. Ua bichi la mjakaranda likikanyagwa hutoa sauti, limejaa hewa ndani, hupasuka pwa. Alikwenda hatua ishirini na kurudi, pwa, pwa, pwa, mkono mmoja ameushika mti, na yale yaliyoanguka ya jana, yaliyokwisha kulainika, hayakulia, akawa aniambia ni yapi ya leo na ni yapi ya jana bila kuinama. Juu nyuki walikuwa wakivuma, sauti moja ndefu isiyokatika. Miaka mitatu sikuwa nimeisikia. Nilidhani ni magari ya barabarani.

Kisha akainama, akajaza kitanga, akayafikicha kwa vidole, akayapeleka puani. Akakaa nayo hapo muda.

"Yana harufu," akasema.

"Hayana."

"Yana. Kidogo. Kama mtungi uliotiwa asali ukaoshwa." Akaniletea kitanga chake. Nikanusa. Mwanzo sikupata kitu, nikataka kumridhisha tu kwa kusema ndiyo. Nikanusa tena, na nyuma kabisa, hafifu, ikaja: asali iliyokwisha kuondoka. "Ulimsingizia bure yule mgeni wako," akasema. "Aliikunja zawadi yake mfukoni, hukumsubiri aitoe."

Alifunga machache kwenye leso, akatia mkobani. Tulipofika Mombasa usiku wa pili yalikuwa yamekuwa kahawia, yameshikamana kama tumbaku, lakini leso hiyo hajaifua.

Mchana ule tulikwenda kwa daktari. Wakamtia dawa, wakampima kwa ile mashine ambayo mtu hubonyeza kitufe kila akiona nukta ya mwanga, nami nikakaa nje ya mlango nikisikiliza kitufe. Kulikuwa na vitambo virefu visivyo na sauti. Daktari akasema sehemu anayoiona imepungua tangu mwaka jana, si sana, lakini imepungua. Akabadilisha matone, akasema hatangoja tena mwaka mzima. Anataka kumwona mwezi wa Aprili.

Karani akamwandikia tarehe kwenye kadi. Mwenzangu, macho yamejaa ukungu wa dawa, akamwinamia juu ya meza akamuuliza, "Mwanangu, Aprili mijakaranda huwa na maua?"

Yule kijana akaitazama kompyuta yake kana kwamba jibu limo ndani. Nikamjibia mimi. Aprili ni masika, nikamwambia, mti huwa umejaa majani tu.

"Haya, majani pia hukanyagwa," akasema, akafungua mkoba akatafuta nauli ya teksi.